Neno la Tarehe Mosi

Jumatatu, 7 Oktoba

Daftari hili kaniletea mwanangu kutoka kiwanda cha uchapaji anakofanya kazi. Limekosewa. Mistari imelala upande, ukiandika mwanzo wa mstari uko juu na mwisho uko bondeni. Mkubwa wake alisema yote yatupwe, yeye akaniokotea moja. "Mama," akaniambia, "wewe una maneno mengi, yaandike kidogo, masikio yangu yapumzike." Mwone! Huyu huyu ambaye alianza kusema kabla hajaota meno, tukamwita Chiriku mpaka leo.

Basi nitaandika mvua hizi mpaka ziishe. Zimeanza leo alfajiri.

Mimi ni dobi wa hospitali. Mwaka wa kumi na tisa huu. Mwanangu ni mkusanyaji wa maarifa. Hicho ndicho cheo chake, sijakitunga mimi. Kiwanda kinachapa kalenda ya kuchana, ile ya ukutani, kila siku karatasi yake, na chini ya tarehe pana jambo la kujifunza. Mambo mia tatu sitini na tano, na anayeyatafuta ni mtu mmoja tu, mwanangu wa tumboni. Yuko kwenye majaribio. Kalenda ikitoka salama atathibitishwa kazini. Nimechoka, mgongo unaniuma, lakini hilo nimeona liandikwe siku ya kwanza.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Shuka hazikauki.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo Chiriku kaniambia kwamba juma letu lina siku mbili za tano. Jumatano ni ya tano kwa kuhesabu kwetu tangu Jumamosi, na Alhamisi nayo ni tano, ila kwa Kiarabu. Nimeishi miaka hamsini na mbili nikipita juu ya tano mbili kila wiki wala sikujikwaa!

Nikaenda nalo kazini. Tulikuwa tunakunja shuka, mimi huku, Mama Pacha kule. Mama Pacha ndiye mwenzangu wa kukunja tangu mashine zilipokuwa mpya. Nikamwambia. Akasema, "Ndiyo maana nachoka. Wiki ina siku nane, tunalipwa saba."

Wenzetu wakacheka. Nikamwambia, cheka tu, mwenzio nina mtoto anayechimba maneno kama watu wanavyochimba dhahabu. Akasema, "Akikuta dhahabu utuite. Kwa sasa vuta pembe yako, shuka inagusa sakafu."

Jumatatu, 14 Oktoba

Kwenye sayari ya Zuhura siku moja ni ndefu kuliko mwaka mzima. Nimemwambia Chiriku sihitaji kwenda mbali hivyo, zamu yangu ya Jumatatu inatosha.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kioo cha mlango wa mashine ya kukaushia kimepasuka. Mashine haiwaki bila mlango kufungwa vizuri. Fundi Koti (havui koti hata jua likichoma, ndiyo jina alilolipata) ameangalia, ametikisa kichwa, ameandika kwenye kijikaratasi, ameondoka. Kioo kitaagizwa. Lini? "Kikifika kimefika, mama."

Sasa tunaanika ndani. Kamba kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye bomba. Tunatembea tumeinama chini ya shuka kama watu wanaopita kwenye pango. Manesi wanakuja kudai. Nimemwambia mmoja, dada, jua si langu.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimelala mchana kutwa. Nimeamka, nimekula, nimelala.

Jumatano, 23 Oktoba

Chiriku hana raha. Amefikisha mia tatu arobaini na tatu, amekwama. Vitabu vyote alivyoazima amevimaliza. Mkubwa wake hataki tena habari za wanyama. Amesema watu wa kalenda watadhani wamenunua mbuga. Anataka maneno ya Kiswahili cha zamani, yale ambayo wazee wameondoka nayo.

Huyo mkubwa ni mhariri, kiwanda kizima wanamwita Mzee Nukta. Nukta ikikosekana anaiona toka mlangoni. Sijawahi kumwona, lakini namjua kwa mikunjo anayoiweka kwenye uso wa mwanangu.

Nikamwambia mwanangu, unahangaika na vitabu na mimi nimekaa hapa? Uliza kisima. Nikampa maneno matano. Manne akasema yamo kwenye kamusi. La tano akasimamisha kalamu.

"Kifa… nini?"

"Kifaragile. Kifaragile, vifaragile."

"Ndiyo nini?"

Nikamweleza. Marehemu mama yangu alikuwa na vikombe vinne vya udongo mweupe, vyembamba hata ukiinua kimoja juani unaona kivuli cha vidole vyako. Viliishi chini ya kitanda. Havikunywewa chai hata siku moja. Tukivikaribia tu anapiga kelele: "Ondokeni hapo! Hivyo vifaragile!" Kifaragile ni kitu cha thamani unachokihifadhi, hakiguswi ovyo. Na mtu pia. Mdogo wangu alipozaliwa kabla ya siku zake, mama aliwaambia majirani, "Msimbebe ovyo, huyu kifaragile."

Chiriku akafungua kamusi. Hakuna. Akafungua nyingine, kubwa kama tofali. Hakuna. Nikaona macho yake yanawaka. "Mama, hata humu halimo!" Akaanza kujisemea, faragha, faragha, kitu kinachowekwa faraghani… Akaniuliza, "Una uhakika?"

Nikamjibu, "Una uhakika mimi ni mama yako?"

Akacheka, akaandika. Nimefurahi. Leo sikusikia mgongo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Shuka mbichi. Mvua. Mama Pacha ana mafua, anawapigia chafya wagonjwa kwenye foronya zao.

Ijumaa, 1 Novemba

Andika, mkono wangu! Mzee Nukta amelipenda neno langu. Alimwuliza Chiriku, "Nani shahidi?" Akasema, "Mama yangu mzazi." Mzee akasema miaka arobaini yupo kwenye maneno na hilo hakuwahi kulisikia, kisha akalitoa mwezi wa sita alikoliweka Chiriku, akalihamishia tarehe mosi Januari. Karatasi ya kwanza kabisa! Watu wakifungua mwaka wanafungua na neno la mama yangu.

Kazini nimesema. Sikusema kwa majivuno, nimesema tu. Mara tatu hivi.

Mama Pacha: "Kwa hiyo sasa na wewe ni profesa."

Nikamwambia, "Profesa hapana. Mama wa profesa."

"Basi mama wa profesa, leo damu za chumba cha upasuaji ni zamu yako."

Jumatano, 6 Novemba

Inanyesha. Miguu imevimba. Neno gereza, anasema Chiriku, asili yake kwa Wareno ni kanisa. Watu waliingia kusali wakatoka wafungwa. Sina nguvu ya kulifikiria.

Jumanne, 12 Novemba

Kioo kimefika.

Nitaandika pole pole maana nataka nijue nilichokiona.

Fundi Koti alikuja na sanduku la karatasi ngumu, akaliweka juu ya meza ya kukunjia. Nikamwambia liondoe, meza hii ni ya nguo safi. Akasema, "Mama, taratibu, usilisukume." Sanduku lina picha ya bilauri yenye mguu mmoja. Juu ya bilauri kuna maandishi makubwa mekundu. Mimi Kizungu sijui, lakini herufi ni herufi, na shule ya msingi niliimaliza. Nikasoma kama ninavyosoma kila kitu, kwa kuunganisha silabi. FRA. GI. LE.

Nikasoma tena. Fragile.

Nikamwuliza Fundi, hapa pameandikwa nini. Akasema, "Frajaili. Kizungu hicho. Maana yake kinavunjika upesi, mchukuzi awe mwangalifu." Akatoa kioo, akakipulizia vumbi, akaenda zake kwenye mashine.

Nilikaa chini ya shuka. Mama Pacha akauliza, "Umeona nyoka?" Nikasema ni kizunguzungu.

Sasa nimekumbuka yote. Vile vikombe mama alipewa na tajiri mmoja aliyekuwa akimfulia. Alikuja navyo nyumbani ndani ya sanduku lao. Mimi nilikuwa darasa la pili, nimejua kusoma siku chache tu, nasoma kila kitu, mifuko ya unga, mabati, kuta. Mama yangu hakujua hata a. Akaniwekea sanduku mbele yangu akasema, "Mwanangu, kimeandikwa nini hapa?" Nikaunganisha: fra-gi-le. Hakuniuliza maana yake. Alitoka mlangoni akawaita majirani, "Njooni mumsikie mtoto akisoma!" Wakaja watano, sita. Nikasoma tena. Wakapiga makofi. Tangu siku hiyo vile vikombe vikawa vya faragile, na mdomo wa mama yangu ukavifanya vifaragile, na mimi nikakua nikidhani hilo ni neno la mababu.

Neno la zamani gani! Ni langu. Nililisoma vibaya nikiwa na miaka minane.

Na liko tarehe mosi Januari.

Jumatano, 13 Novemba

Sijasema.

Uchapaji unaanza Ijumaa. Chiriku hali vizuri kwa furaha. Nitamwambia kesho.

Alhamisi, 14 Novemba

Mashine inakausha. Tungepaswa kufurahi. Lile sanduku Mama Pacha kalifanya la kuwekea vitambaa vya kufutia, limekaa chini ya dirisha na maandishi yake mekundu yanatutazama. Nikaligeuza likaangalia ukuta.

Chiriku alirudi amelowa chapachapa, amechoka, ananiimbia. Mzee Nukta kamwambia kwamba kalenda ikitoka bila kosa, barua ya kuthibitishwa iko mezani kwake, imebaki sahihi tu. Nilifungua mdomo. Nikamwambia, vua viatu, utaugua.

Ijumaa, 15 Novemba

Wameanza kuchapa. Januari ndiyo iliyotangulia. Sijasema.

Jumamosi, 16 Novemba

Najiuliza: nani atajua? Neno ni neno. Kitabu chenyewe, Chiriku kanifundisha, kilikuja kwa Waarabu kikiwa kitabu kizima. Sisi tukaona kina "ki" tukakifanyia vitabu, wala Mwarabu hakutushtaki. Meza ni ya Wareno, tunakula juu yake kila siku. Sabuni ninayoshika miaka kumi na tisa ni ya Waarabu. Basi kifaragile kina kosa gani?

Kosa ni kwamba karatasi inasema ni la wazee wetu, kutoka faragha. Hilo ni uongo, na uongo una jina la mtoto wangu chini yake.

Jumapili, 17 Novemba

Nilikusudia leo. Nilimpikia. Nikamkalisha. Nikasema, "Chiriku, lile neno…" Akadakia, "Lile neno mama, wachapaji wote wanalitumia! Jana mmoja kamwambia mwenzake usiguse kalamu yangu, kifaragile hiki!" Akacheka mpaka machozi. Miezi mitatu sijamwona akicheka hivyo.

Nikasema, "Lile neno limenifurahisha mimi pia."

Mwoga mkubwa wee. Najiandikia mimi mwenyewe, si mtu mwingine.

Jumatatu, 18 Novemba

Sijasema. Mama Pacha aligeuza sanduku likaangalia mbele tena, anasema akichota vitambaa kwa nyuma linapinduka. Nikaligeuza. Akaligeuza.

Jumatano, 20 Novemba

Chiriku kaleta kalenda ya kwanza iliyokamilika, imebandikwa gundi, ina harufu ya wino. Kanipa kwa mikono miwili. Nikafungua jalada. Tarehe mosi Januari, nyekundu. Chini yake:

KIFARAGILE (ki-/vi-). Neno la kale, sasa limesahaulika: kitu au mtu wa thamani anayehifadhiwa, asiguswe ovyo. Huenda limetokana na faragha. Limehifadhiwa na mama wa mkusanyaji.

Mama wa mkusanyaji. Mimi huyo. Nimechapwa! Katika ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kuchapwa, isipokuwa viboko.

Nililia. Chiriku akadhani ni furaha, akanikumbatia. Mungu anisamehe, nusu ilikuwa furaha kweli.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimetoka kiwandani kwao. Nimekaa bila kuvua hata gauni la kazi.

Asubuhi nilikwenda na ile kalenda kazini. Kwa nini niliibeba? Sijui. Nadhani nilijua. Nimejivuna miaka yote, mguu unakwenda wenyewe. Mama Pacha akainyakua, akasoma kwa sauti, "Mama wa mkusanyaji." Nilingoja dhihaka. Hakufanya. Aliniangalia kwa macho yaliyojaa maji, akasema, "Mwenzangu, umefika. Mimi nina pacha wawili na hakuna hata mmoja aliyeniandika popote." Akasema kalenda hii itundikwe hapa hapa, wote waione. Akachukua nyundo. Akaanza kugonga msumari chini ya dirisha, juu kabisa ya lile sanduku.

Basi ikawa hivi: juu neno langu, chini neno langu. Fundi Koti akiingia kuangalia kioo chake atasoma mara mbili.

Nikamwambia Mama Pacha, "Usigonge."

"Kwa nini?"

"Usigonge tu. Nishikie zamu."

Nikachukua kalenda nikatoka kwenye mvua.

Kiwanda kina kelele kama mashine zetu ishirini kwa pamoja. Nikamwuliza mlinzi, mhariri yuko wapi. Mzee Nukta kumbe ni mtu mdogo, mfupi, mwenye sweta yenye tundu kiwikoni. Chiriku alikuwa amekaa meza ya pili yake. Aliponiona aliinuka, "Mama! Nani kafa?"

Nikasema hakuna aliyekufa. Nikasema nataka kusema mbele yenu wote wawili, kwa sababu nikisema kwa mmoja nitapunguza maneno. Nikasema. Sanduku, vikombe, darasa la pili, makofi ya majirani. Nilipofika kwenye fra-gi-le, Mzee Nukta alivua miwani.

Akauliza, "Umelijua lini hili, mama?"

Ningeweza kusema jana. Ulimi ulikuwa tayari.

"Jumanne ya wiki iliyopita."

Chiriku hakumwangalia mkubwa wake. Aliniangalia mimi. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Siku tisa, mama." Mwanangu ambaye hanyamazi. Akakaa chini.

Mzee Nukta akasema ningefika Alhamisi ile ingekuwa kazi ya kubadilisha mistari minne, dakika kumi. Sasa mia tisa zimeshabandikwa gundi. Nikamwambia kosa ni langu, kijana asiadhibiwe. Akasema, "Hapana, mama. Wewe ulisimulia. Yeye aliandika. Kamusi mbili zilimwambia hakuna, akaona ni lulu. Kazi yake ilikuwa kuuliza mtu wa pili." Halafu akageuka kwangu: "Na mimi nilipaswa kuuliza mtu wa tatu. Nililipenda mno."

Barua haitiwi sahihi. Majaribio yameongezwa miezi mitatu. Chiriku atazirekebisha zile mia tisa mwenyewe, kwa mkono.

Nimerudi kwa miguu. Sijui kwa nini naandika "nimerudi", maana sijisikii nimefika.

Ijumaa, 22 Novemba

Hasemi nami. Anasalimia: "Shikamoo mama." Anaondoka.

Jumamosi, 23 Novemba

Ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Nilikwenda kiwandani bila kuitwa. Chiriku alikuwa kwenye chumba cha nyuma, peke yake, marundo ya kalenda yamemzunguka. Kufungua jalada, kuchana tarehe mosi, kupaka gundi ukingoni, kubandika tarehe mosi mpya, kukandamiza. Amefanya themanini tangu asubuhi, na kumi zimepinda.

Sikuomba ruhusa. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikachukua rundo. Mikono yangu imekunja shuka miaka kumi na tisa. Pembe kwa pembe naijua hata nikifumba macho. Nikamwonyesha bila kusema: usianze katikati, anza pembeni, telezesha kidole gumba. Akaangalia. Akafanya. Ya kwake ikanyooka.

Tukaenda hivyo mpaka jioni, yeye anachana, mimi nabandika. Neno langu likawa linaanguka sakafuni, kifaragile, kifaragile, kifaragile, mpaka likatufika kwenye vifundo vya miguu. Sikujua kwamba neno moja lina uzito hivyo.

Karatasi mpya inasema: Twiga, pamoja na urefu wote wa shingo yake, ana mifupa saba tu shingoni, sawa na wewe. Nikawaza, Mzee Nukta amekubali mnyama. Kweli amechoka.

Karibu na mia tano, Chiriku akasema bila kuinua kichwa, "Bibi alikufa bila kujua?"

"Bila kujua."

"Na wale majirani?"

"Nani angemwambia? Mwenye kusoma nilikuwa mimi peke yangu."

Akachana kumi nyingine.

"Hasira yangu ingepungua kama ungemwambia Mzee kwamba umejua jana tu. Angeamini."

"Najua."

"Bado nina hasira."

"Najua, mwanangu. Nipe gundi."

Jumanne, 26 Novemba

Mvua imepungua. Tumemaliza mia tisa jana jioni. Vidole vyangu vimeshikana.

Jumatano, 27 Novemba

Leo nimewaambia wenzangu kazini. Sikuwa nimepanga. Mama Pacha aliuliza, "Ile kalenda uliiondoa kwa nini? Uliona wivu wa ukuta?" Nikalivuta lile sanduku katikati ya chumba, nikaweka kidole juu ya maandishi mekundu, nikasoma kama nilivyosoma darasa la pili. Kisha nikawaeleza yote, na barua isiyotiwa sahihi, na siku tisa.

Mama Pacha alicheka mpaka akakaa juu ya shuka safi. Shuka ishirini tukarudia kufua. Alipopata pumzi akasema, "Yaani mwenzangu, umewadanganya wachapaji, umemdanganya mzee wa nukta, umedanganya kamusi mbili!" Halafu akajifuta macho na ncha ya kitenge, akaniuliza kwa upole, "Mtoto anasema nawe?"

"Kidogo."

"Kidogo ni mbegu. Shika pembe tukunje."

Jumatatu, 2 Desemba

Jua. Nimeanika nje mara ya kwanza tangu Oktoba. Shuka mia na arobaini, nyeupe, zinapigapiga upepo. Nilisimama nikaziangalia tu. Msimamizi akadhani nimeugua.

Alhamisi, 5 Desemba

Siku ya tano, ya pili yake.

Chiriku alikuja kazini kwangu mchana kuniletea ufunguo wa nyumba, maana niliusahau. Hakuwahi kuingia chumba cha kufulia tangu alipokuwa mtoto. Akasimama mlangoni, anaangalia, mvuke umemjaa usoni. Mimi nilikuwa kwenye pasi, sikumwona mara moja.

Msichana mpya tuliyeletewa wiki hii, hajazoea, akaufunga mlango wa mashine ya kukaushia kwa kishindo. Kutoka pande tatu za chumba wakapiga kelele wote pamoja, Mama Pacha sauti ya juu:

"Wee! Taratibu! Hicho kifaragile!"

Msichana akaomba radhi, akaufungua, akaufunga pole pole. Wala hakuuliza maana ya neno. Alielewa. Fundi Koti, ambaye alikuwa amepiga magoti kwenye bomba, akasema bila kugeuka, "Na vifaragile vingine havipo dukani, tafadhali."

Ndipo nikamwona Chiriku. Mkono wake ulikuwa umekwenda mfukoni wenyewe, umetoa daftari dogo na kalamu. Akaangalia daftari. Akaniangalia mimi. Nikainua mikono yote miwili, nikasema, "Mimi sijasema kitu! Nanyamaza!"

Akafunga kalamu, akarudisha daftari mfukoni, akapita chini ya kamba za shuka ambazo hatujazitoa bado mpaka nilipo, akaniwekea ufunguo mkononi.

"Hili siliandiki, mama," akasema, na midomo inamcheza. "Waache waliseme miaka hamsini kwanza. Halafu nitauliza mtu wa pili."